Maji, Malori na Mizinga: Mpangilio na Zana za Jeshi la Bolivia katika Vita vya Chaco, 1932–1935

Mwezi Juni mwaka 1932, kikosi kidogo cha askari wa Bolivia kikiongozwa na Meja Oscar Moscoso kilifika kwenye ziwa lililofichika katikati ya nyika ya Chaco, kikakitwaa kituo cha Waparaguay kilichokuwa ukingoni mwake. Waparaguay waliliita ziwa hilo Pitiantuta. Wabolivia wakalipa jina la Laguna Chuquisaca. Halikuwa na dhahabu wala mafuta. Lilikuwa na maji, na katika nchi ile maji yalitosha kuwa sababu ya kuuana. Mwezi uliofuata Waparaguay walilirudisha kwa nguvu, na kabla ya Julai kwisha Bolivia ikawa imeteka vituo vya Corrales, Toledo na Boquerón. Vita vilivyofuata viliendelea kwa miaka mitatu.

Kwa hesabu za karatasini, Bolivia ilipaswa kushinda. Idadi ya watu wake ilikuwa takriban mara tatu ya ile ya Paraguay. Jeshi lake lilikuwa limefundishwa na Wajerumani na kuuziwa silaha na Waingereza. Lilikuwa na vifaru, jambo ambalo Paraguay haikuwa nalo, na ndege zake zilikuwa nyingi kuliko za adui. Hata hivyo, vita viliposimamishwa Juni 1935, Bolivia ilikuwa imepoteza karibu Chaco yote, na makumi ya maelfu ya vijana wake walikuwa wamekufa, wengi wao bila kupigwa risasi.

Maelezo yaliyotolewa na maofisa wa Bolivia wenyewe baada ya vita yalielekea kuwalaumu watu watatu: Rais Daniel Salamanca, kwamba aliingilia mambo ya kijeshi asiyoyajua, Jenerali Hans Kundt, kwamba alikuwa mgeni mkaidi, na askari wa kawaida, mkulima Mwaymara au Mquechua, kwamba hakuwa na moyo wa kizalendo. Insha hii haikubaliani na maelezo hayo, hasa la tatu. Hoja yake ni kwamba jeshi la Bolivia lilinunuliwa kabla ya kuundwa. Serikali ilinunua vitu vinavyopiga na ikasahau vitu vinavyobeba, na mpangilio wa jeshi ulioigwa kutoka Ujerumani uliacha pengo pale hasa ambapo vita vya Chaco vingeamuliwa, yaani katika ugavi.

Historia ya jeshi hilo haieleweki bila historia ya bahari. Katika Vita vya Pasifiki, vilivyoanza mwaka 1879, Bolivia ilipoteza pwani yake yote kwa Chile, na mkataba wa mwaka 1904 ukaithibitisha hasara hiyo. Kuanzia hapo, watawala wa La Paz walitazama upande wa mashariki, ambako Mto Paraguay ungeweza kuwapatia njia ya kufikia Atlantiki. Kati yao na mto huo ilikuwapo Chaco: tambarare kubwa ya vichaka vya miiba, isiyo na mito ya kutegemewa, yenye joto linalopita nyuzi 40 wakati wa kiangazi na mafuriko wakati wa masika. Visima vyake vingi ni vya chumvi. Nchi zote mbili zilidai eneo hilo kwa hati za enzi ya Wahispania, na zote mbili zilijenga humo vituo vilivyoitwa ngome, ingawa vingi havikuwa zaidi ya vibanda vichache, handaki na kisima.

Mpangilio wa kisasa wa jeshi la Bolivia ulianza na wajumbe wa kijeshi kutoka Ufaransa katika mwongo wa kwanza wa karne ya ishirini. Sheria ya mwaka 1907 iliweka utumishi wa lazima jeshini. Kisha, mwaka 1911, wakaja Wajerumani chini ya Kundt, na hao ndio walioacha alama. Kundt alikuwa mwalimu hodari wa gwaride na msimamizi mwenye bidii. Alijua majina ya maofisa wake, alikagua vyakula na viatu, na askari wengi walimpenda. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alirudi Ujerumani na kupigana katika medani ya mashariki. Baada ya vita alirejea Bolivia, akachukua uraia na kuliongoza jeshi hadi mwaka 1930, alipofukuzwa nchini pamoja na kuanguka kwa serikali ya Hernando Siles. Miongoni mwa Wajerumani waliohudumu katika jeshi hilo alikuwamo Ernst Röhm, ambaye baadaye jina lake lilijulikana kwa mambo mengine.

Yafaa kujiuliza ni nini hasa kilichohamishwa kutoka Ujerumani. Sare, hatua za gwaride, utii na kanuni za mashambulizi vilihamishwa. Ofisa kijana alitoka chuoni akijua namna ya kupanga kombania kwa shambulio na namna ya kuadhibu askari. Kilichohamishwa kwa kiasi kidogo mno ni kazi ya unadhimu: ramani, ratiba za safari, hesabu ya magari, ugawaji wa mafuta na maji, matibabu ya nyuma ya mstari wa mbele. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na reli za kila upande, na wanadhimu waliojifunza kuzitumia kwa miaka mingi. Bolivia ilichukua umbo la jeshi hilo bila reli zake. Jeshi la amani lilikuwa na askari elfu chache tu, waliotawanyika kambini, na kazi yao kubwa ilikuwa kuilinda serikali dhidi ya wapinzani wake wa ndani. Kwa kazi hiyo gwaride na utii vilitosha.

Zana zilinunuliwa kwa mkataba mkubwa uliotiwa sahihi na kampuni ya Vickers ya Uingereza mwaka 1926. Sehemu ya fedha zilizokopwa mwaka 1928 kutoka benki ya Dillon, Read ya New York ilikwenda kulipia silaha hizo. Mkataba ulihusu mizinga ya uwandani na ya milimani, bunduki za rashasha, ndege na, baadaye, vifaru. Kisha bei ya bati, ambalo ndilo lililolisha hazina ya Bolivia, ikaporomoka pamoja na uchumi wa dunia kuanzia mwaka 1929. Bidhaa ziliendelea kuwasili kwa mafungu, baadhi pungufu na baadhi zenye kasoro, na malalamiko kati ya serikali na kampuni yakawa mengi. Mtafiti anayesoma orodha ya ununuzi huo huona upesi kwamba ilitungwa na watu waliokuwa wakifikiria vita vya Ulaya, au pengine vita na Chile katika milima. Mizinga ilikuwa mingi. Malori, matangi ya maji na vipuri havikupewa uzito wowote wa maana.

Tuvitazame vifaru, kwa kuwa ndivyo vilivyopigiwa picha zaidi. Bolivia ilikuwa na vifaru vitatu vya Vickers vya tani 6, pamoja na vifaru vidogo vya Carden Loyd. Hii ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kwa vifaru kutumika vitani katika bara la Amerika. Ndani ya chuma hicho, chini ya jua la Chaco, joto lilikuwa halivumiliki. Waliokuwa ndani walizimia, na milango ilipofunguliwa ili wapate hewa, risasi za adui ziliingia. Kila kifaru kilihitaji mafuta na fundi, navyo vililetwa kwa lori lilelile ambalo lingeweza kuleta maji ya kunywa ya kombania nzima. Hili silo kosa la kifaru. Ni kosa la hesabu iliyofanywa La Paz.

Paraguay nayo ilijiandaa, kwa siri zaidi na kwa fedha chache. Ilinunua bunduki nyepesi za rashasha za Madsen kutoka Denmark, mota za Stokes-Brandt za milimita 81 kutoka Ufaransa, na manowari mbili za mtoni, Humaitá na Paraguay, zilizoundwa Italia. Si kila kitu kilikuwa kizuri: bunduki za Mauser za mfano wa 1927 zilizotengenezwa Oviedo, Uhispania, zilikuwa mbovu kiasi kwamba askari waliziita “muua Waparaguay”. Lakini ukiangalia mota na manowari unaona fikra moja ikifanya kazi. Mota hubebwa na watu wachache msituni na kurusha makombora juu ya miti, mahali ambapo mzinga wa uwandani hauoni lengo. Manowari ilikuwa silaha na pia chombo cha kuwapeleka askari mamia kwa mamia hadi kaskazini mwa mto kwa siku chache.

Kutoka mtoni, Waparaguay walitumia reli nyembamba iliyoanzia Puerto Casado, mali ya kampuni ya Carlos Casado iliyovuna miti ya quebracho kwa ajili ya dawa ya kuiva ngozi. Reli hiyo iliingia ndani ya Chaco takriban kilomita 145. Mwishoni mwake malori yalichukua mizigo hadi kituo kikuu cha Isla Poí. Upande wa Bolivia, askari aliyetoka La Paz alisafiri kwa treni hadi Villazón kwenye mpaka wa Argentina, kwa kuwa reli iliishia hapo. Mbele yake kulikuwa na njia ya milimani hadi Tarija, kisha mteremko hadi Villamontes penye mlango wa Chaco, kisha njia za vumbi au matope hadi kituo cha Muñoz na mstari wa mbele. Ni mamia ya kilomita. Malori yaliyokuwapo yalibeba risasi na chakula, na watu wengi walitembea. Lori lilitumia njiani sehemu kubwa ya mafuta lililoyabeba, na lilipofika lilikuwa linahitaji matengenezo. Zaidi ya hayo, silaha zote kutoka ng'ambo zilipaswa kupitia bandari za wengine, Arica ya Chile au Mollendo ya Peru, na kila serikali jirani ilikuwa na hesabu zake. Argentina, ambayo mpaka wake uligusa pande zote mbili za ugomvi, iliipendelea Paraguay.

Kwa maana hiyo, ile Bolivia yenye watu mara tatu haikuwahi kufika Chaco. Iliyofika ni sehemu ndogo ambayo njia ile iliweza kuilisha na kuinywesha. Katika Septemba 1932, Luteni Kanali José Félix Estigarribia, ofisa aliyesoma unadhimu Ufaransa, aliizingira Boquerón kwa maelfu ya askari. Ndani yake Luteni Kanali Manuel Marzana alikuwa na watu wapatao 600. Walistahimili kuanzia tarehe 9 hadi tarehe 29. Kisima chao kilikuwa chini ya risasi za adui. Ndege zilidondosha vifurushi vya chakula na risasi ambavyo vingi viliangukia nje ya ngome. Waparaguay nao walikaribia kushindwa kwa sababu ileile, kwa kuwa maji yao yaliletwa kwa malori kutoka Isla Poí na hayakutosheleza watu wengi kiasi kile. Tofauti ni kwamba malori yao yalikuwa na safari fupi. Vikosi vya Bolivia vilivyotumwa kuivunja kamba ya mzingiro vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa kimechoka kwa safari, na vyote vilirudishwa.

Boquerón ilipoanguka, umati wa La Paz ulidai Kundt arudi, naye akaitwa. Katika suala la Kundt, wanaomlaumu wana sehemu ya haki. Nanawa, ngome ya kusini ambayo Mrusi Juan Belaieff alisaidia kuiimarisha kwa mahandaki na nyaya za miiba, aliishambulia Januari 1933 bila kufanikiwa. Tarehe 4 Julai 1933 aliishambulia tena kwa kila alichokuwa nacho: baruti iliyozikwa chini ya ardhi, mizinga, ndege, mitambo ya kurusha moto na vifaru. Askari wake waliokufa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Nanawa haikuanguka. Kundt aliendelea kuutandaza mstari wake wa mbele bila akiba ya nyuma, mpaka Desemba 1933 Estigarribia alipopenya ubavuni na kuzizingira Divisheni ya Nne na ya Tisa huko Campo Vía. Askari wapatao 7,500 walijisalimisha. Kundt akaondolewa, na Enrique Peñaranda akashika nafasi yake.

Hata hivyo, mtu akiuliza kwa nini Kundt hakuwa na akiba, jibu halipatikani katika tabia yake peke yake. Akiba ni watu wanaokula na kunywa bila kupigana, karibu vya kutosha na barabara ili waweze kusogezwa. Jeshi lisilo na malori haliwezi kuwaweka watu hao mahali pazuri wala kuwasogeza kwa wakati. Linalobaki ni kuwapanga wote mbele na kutumaini. Mkuu aliyemfuata, ambaye hakuwa Mjerumani wala mkaidi kama yeye, alizingirwa vilevile.

Kuhusu askari, lazima tuseme wazi. Kwa sheria kila kijana wa Bolivia alipaswa kutumika; kwa vitendo mzigo uliwaangukia wakulima wa uwanda wa juu, ambako misako ya kuwakamata vijana ilifanywa mashambani. Hao walikuwa watu waliozaliwa na kukua kwenye kimo cha mita 3,500 na zaidi, kwenye baridi, na waliteremshwa ndani ya wiki chache kwenye joto, malaria na kuhara. Wengi hawakujua Kihispania, lugha ya maofisa wao. Mwaymara hakuelewana na Mquechua aliyesimama naye handakini. Upande wa pili wa nyaya, ofisa na askari wa Paraguay wote walizungumza Kiguarani, na amri zao za redio na simu zilitumwa kwa lugha hiyo, ambayo Wabolivia walio wengi hawakuielewa. Msomaji wa Afrika Mashariki anajua lugha moja ya kambini ina thamani gani. Bolivia haikuwa na lugha hiyo, na katika miaka yote ya kufundisha gwaride, hakuna aliyeona kuwa ni tatizo la kijeshi. Kumlaumu askari huyo kwa kukosa uzalendo ni kumdai kitu ambacho dola haikuwahi kumpa: hakuwa na haki ya kupiga kura, na mara nyingi ardhi aliyoilima haikuwa yake.

Mwaka 1934 ulikuwa mbaya kuliko ile iliyotangulia. Katikati ya Novemba divisheni mbili zilizingirwa huko El Carmen. Rais Salamanca aliteremka mpaka Villamontes kumwondoa Peñaranda, na tarehe 27 Novemba maofisa wakaizunguka nyumba aliyofikia, wakamlazimisha ajiuzulu. Makamu wake, José Luis Tejada Sorzano, akashika madaraka. Siku kumi na moja baadaye ukaja mkasa ambao, kwa maoni yangu, unaeleza vita hivi kuliko mapigano yoyote ya mizinga. Kikosi cha Wapanda Farasi cha Kanali David Toro kilikuwa kimesonga mbele sana kuelekea mashariki, na maji yake yote yalitoka kwenye visima vya Yrendagüé vilivyokuwa nyuma yake. Kanali Eugenio Garay wa Paraguay, mtu wa makamo, aliwaongoza askari wake kwa miguu takriban kilomita 70 katika msitu usio na tone la maji, akavitwaa visima hivyo tarehe 8 Desemba. Hakuhitaji kufanya zaidi ya hapo. Vikosi vya Toro vilivunjika vyenyewe; maelfu walitawanyika vichakani wakitafuta maji, wakafa kwa kiu au wakajisalimisha kwa yeyote mwenye chupa. Bunduki zao za rashasha zilibaki mahali zilipotupwa, nyingi zikiwa nzima.

Silaha hizo zilizoachwa ziliendelea kutumika. Majeshi yote mawili yalitumia risasi za milimita 7.65, kwa hiyo kila bunduki na kila sanduku la risasi lililoachwa na Wabolivia lilitumiwa na Waparaguay siku ileile bila marekebisho. Malori yaliyotekwa yalifanywa vivyo hivyo. Kufikia mwisho wa vita, sehemu kubwa ya zana ambazo Bolivia ilizikopea fedha New York zilikuwa zikiipiga Bolivia.

Kinachoipa uzito hoja ya insha hii ni yale yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka 1935. Waparaguay walikuwa wamefika chini ya milima, karibu na Villamontes na visima vya mafuta. Sasa wao ndio waliokuwa mamia ya kilomita kutoka mtoni, malori yao yamechakaa na askari wao wamechoka. Bolivia kwa upande wake ilikuwa mlangoni mwa nyumba yake: maji ya mto Pilcomayo yalikuwa hapo, barabara ilikuwa fupi, mizinga ya Vickers ilikuwa na makombora ya kutosha na mahali pa juu pa kupigia. Kanali Bernardino Bilbao Rioja alipanga ulinzi wa Villamontes, na mashambulizi ya Estigarribia ya mwezi Februari yalivunjika. Askari waliolinda walikuwa wakulima walewale, Waaymara na Waquechua walewale walioambiwa kuwa hawana moyo. Maofisa walitoka katika vyuo vilevile. Kilichobadilika ni urefu wa njia.

Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi Buenos Aires tarehe 12 Juni 1935, na mizinga ikanyamaza siku mbili baadaye. Mkataba wa amani wa Julai 1938 uliipa Paraguay sehemu kubwa ya Chaco na kuiachia Bolivia visima vyake vya mafuta. Maofisa waliotoka katika vita hivyo, Toro na Germán Busch, walitwaa serikali Mei 1936, na mwaka uliofuata wakaitaifisha mali ya Standard Oil. Katika maandishi ya maofisa wa kizazi hicho, Salamanca na Kundt walipata kurasa nyingi. Ugavi ulipata chache. Wafungwa wa vita, wengi wao waliokuwa wamejenga barabara za Paraguay kwa mikono yao, walirudishwa nyumbani mwaka 1936. Walirudi katika mashamba ya mabwana wao wakiwa wameshika bunduki vitani na kujifunza Kihispania handakini, na migomo ya wakulima katika bonde la Cochabamba ilianza muda mfupi baadaye.